"First Strike", daraja la 70 na cheti: unalipia nini hasa?

Mkuu, umeuliza kama Silver Eagle (sarafu ya fedha ya Marekani) yenye lebo ya "First Strike", daraja la 70 na cheti cha uhalisi inastahili nyongeza ya bei anayoidai muuzaji. Mimi nisingelipa hata kidogo kwa ajili ya lebo. Daraja nalo ningelilipia kwa tahadhari.

Lebo hiyo inakufanya uamini kwamba sarafu ilipigwa mwanzoni kabisa, muhuri (chuma kinachogonga picha kwenye sarafu) ukiwa bado mpya. Wanachoangalia PCGS, kampuni inayopima sarafu na kuzipa daraja, ni tarehe tu: sarafu iwe imetoka kiwandani au imewafikia ndani ya siku 30 za mwanzo wa mauzo. NGC, kampuni nyingine ya aina hiyo, nao wana "Early Releases" kwa utaratibu unaofanana. Kiwanda cha sarafu cha Marekani hakitenganishi sarafu kwa mpangilio zilivyopigwa, na mihuri hubadilishwa tena na tena katika toleo moja. Kwa hiyo sarafu ya wiki ya kwanza inaweza kuwa imetoka kwenye muhuri uliochoka, na ya miezi sita baadaye kwenye muhuri mpya. Ukitaka kujua, shika lenzi uangalie sarafu yenyewe. Muhuri mpya huacha manyoya ya tai yakiwa makali na kingo za herufi zikiwa zimekatika vizuri. Uliochoka huacha kingo zilizolegea.

Daraja la 70 ndilo la juu kabisa katika kipimo cha 1 hadi 70. Maana yake ni kwamba dosari haionekani kwa lenzi ya kukuza mara 5. Sarafu za kisasa hutengenezwa kwa uangalifu mkubwa, kwa hiyo nyingi hulifikia. Fungua orodha ya kampuni iliyotoa daraja uone ni ngapi zimeshapewa daraja hilo, ukijua idadi hiyo huongezeka kadiri watu wanavyopeleka nyingine.

Cheti cha karatasi hakithibitishi chochote kuhusu sarafu iliyo mkononi mwako, maana kinahamishika kwenda kwenye sarafu nyingine. Namba ya kwenye kasha la plastiki ambamo kampuni hufungia sarafu ina nguvu zaidi, lakini waghushi hunakili namba halali. Iingize kwenye tovuti ya kampuni, kisha linganisha picha, kama ipo. Usiishie kwenye mwaka na daraja: tafuta doa au mkwaruzo fulani, uone kama uko mahali pale pale. Angalia pia kama maungio ya kasha yana dalili za kufunguliwa na kugandishwa upya.

Kama sarafu haiko kwenye kasha, pima. Silver Eagle ina gramu 31.1, kipenyo cha milimita 40.6 na fedha ya 999 (sehemu 999 kati ya 1000 ni fedha tupu). Shaba na shaba nyeupe ni nyepesi kuliko fedha kwa ujazo ule ule, kwa hiyo feki yenye uzito na kipenyo sahihi italazimika kuwa nene kupita kiasi. Zile za umbo jipya lililoanza 2021 zina pengo dogo kwenye meno ya ukingo (mistari inayozunguka pembeni mwa sarafu), likikosekana, acha.

Kipimo cha maji ndicho ninachokiamini zaidi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani isome karibu 2.96. Ikisoma 3.4 na kuendelea, ndani kuna chuma kingine. Kinachowaharibia wengi ni viputo vya hewa vilivyoshika kwenye meno ya ukingo, maana huongeza namba na kufanya sarafu halali ionekane feki. Tone moja la sabuni ya maji huviondoa. Ukimaliza, suuza kwa maji yaliyochujwa na ukaushe kwa kugandamiza kitambaa laini bila kusugua: mikwaruzo ya kitambaa inatosha kuiondoa kwenye 70.

Sumaku isikudanganye. Shaba nayo hainaswi, kwa hiyo sumaku hukamata tu feki za vyuma vinavyonaswa, kama chuma cha kawaida. Na kwa dhahabu safi hata kipimo cha maji hakitoshi, kwa sababu tangsteni ina msongamano karibu sawa nayo. Huko peleka kwa mwenye mashine ya sauti inayopenya hadi ndani.