Si hasidi, ni simu

Swali lenu la wiki hii: "Ukienda kufanya mtihani wa leseni ya kazi ugenini, uwaambie watu wa nyumbani tarehe yake, au uwafiche mpaka majibu yatoke?" Nimelisoma mchana nikaliacha, usiku nikajikuta nalijibu kichwani, basi bora niandike. Mimi si muuguzi. Ni mume wa muuguzi, dereva wa lori hapa Houston, na mtihani wa mwenzangu nimeufanya nje, kwenye maegesho, jua la Texas likinichemsha. Jibu langu ni la mtu aliyeachiwa simu.

Na kabla sijaenda mbali: alipita. Nalisema sasa msije mkasoma roho juu, maana nakusudia kukaa sana kwenye zile siku za katikati.

Najua wengi watawajibu kwamba ficha, kuna mahasidi. Sisi wa Tanga ndivyo tulivyolelewa, hata kanga za mama zetu zinasema hasidi hana sababu. Mimi pia nasema ficha, ila husuda siiogopi. Kompyuta ya NCLEX, huo mtihani wa leseni ya uuguzi wa hapa Marekani, haina habari na kijicho cha mtu. Ninachokiogopa ni hiki: kila unayemwambia tarehe naye anaanza kusubiri. Na anayesubiri anataka kuhudumiwa. Atauliza ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, ametoka na uso gani. Mtahiniwa hana nguvu ya kujibu hayo, kwa hiyo anatafutwa aliye karibu naye. Swali lenu lingekuwa "nani atapokea simu?" tungeelewana haraka zaidi.

Mke wangu alisomea stashahada ya uuguzi nyumbani, akafanya kazi wodini, ndipo tukaja huku. Mlioipita njia hii mnaijua. Vyeti vinatathminiwa, na chuo pamoja na Baraza la Uuguzi na Ukunga lazima watume karatasi wao wenyewe, huruhusiwi kuzibeba mkononi. Kuna mtihani wa Kiingereza, kuna alama za vidole, kuna na ule mtihani wa sheria za uuguzi za Texas unaofanywa mtandaoni. Yote hayo yakikamilika ndipo inakuja ruhusa ya kuchagua siku. Muda wote huo yeye alikuwa CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya wazee, zamu za usiku, anaogesha na kugeuza wagonjwa ambao kule kwetu angekuwa ndiye anayesimamia dawa zao.

Usiku asio na zamu alikaa meza ya jikoni na maswali ya mazoezi. Magonjwa hayakumsumbua, kifafa cha mimba angekusomesha wewe. Alichopigana nacho ni maswali ya kugawa kazi. Nyumbani mgonjwa analishwa na ndugu, anaogeshwa na ndugu, na dripu ikiisha ndugu ndiye anayekimbia kumwita nesi. Kwenye maswali ya NCLEX ndugu hayumo. Kuna muuguzi aliyesajiliwa, kuna wa ngazi ya chini yake, kuna msaidizi, na wewe uamue nani afanye nini na mgonjwa yupi aonwe kwanza. Tangu Aprili 2023 wameongeza na maswali ya faili zima: unapewa maelezo ya mgonjwa, vipimo vyake na alivyobadilika kwa saa kadhaa, kisha maswali sita juu yake huyo huyo. Alikuwa akikosa anacheka, "Hawa kwenye wodi yao hawajawahi kuishiwa glavu."

Tulikubaliana kuficha. Mtihani ukawa Ijumaa asubuhi. Nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka. Pale mlangoni ni kitambulisho, picha, mashine inasoma mishipa ya kiganja, simu inatiwa kwenye mfuko na kufungwa. Saa ya kuanza ilipofika alikuwa hana hata saa ya mkononi, na mimi niko garini nimefungua madirisha.

Simu ikalia. Mama mkwe, kutoka Tanga, huko ikiwa jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ameingia?"

Kumbe usiku wa Alhamisi mwenzangu alishindwa kulala, akampigia mama yake. Simlaumu. Nikasema ameingia. Mama akasema haya, sisi hapa tunasoma Yasini, tuko wachache tu. Hao wachache nikawasikia wanavyoitikia amina: nyumba nzima na nusu ya Barabara ya 12. Kwa wasioijua Ngamiani, kule Tanga, habari ikifika Barabara ya 12 alasiri, magharibi inaswaliwa nayo Barabara ya 20.

Alitoka mapema kuliko nilivyotarajia. Mtihani unaruhusiwa kuchukua mpaka muda wa saa tano, yeye hata nusu yake sikudhani imefika. Aliingia garini, akafunga mkanda, akasema, "Imezima kwenye la 85." Baada ya hapo hakusema neno mpaka nyumbani. Mama mkwe akapiga tukiwa bado barabarani, nikasimama kwenye kituo cha mafuta, nikashuka.

"Maswali mangapi?"

"85, mama."

"Kati ya mangapi?"

"150."

"Kwa hiyo hakumaliza!"

Mtu asiyewahi kumweleza mama mkwe mtihani huu kwa WhatsApp yenye mwangwi hajui kazi. Nikamwambia kompyuta ndiyo inayochagua swali. Ukipata, inakupa gumu zaidi, ukikosa, inashusha, mpaka inakufikisha mahali ambapo unapata karibu nusu na kukosa nusu. Ndiyo maana hata waliofaulu hutoka wakiamini wamefeli. Chini ya maswali 85 haisimami, na 15 kati ya hayo ni ya majaribio, hayahesabiwi, wala huambiwi ni yapi. Kuanzia hapo inazima ikishapata uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari wa kufaulu, au kwamba uko chini yake. Isipopata uhakika inaendelea mpaka 150 au muda uishe.

Akanyamaza. "Sasa ikizima mapema ni heri au shari?"

"Inaweza kuwa yoyote, mama."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi naendesha lori, mama."

Sasa, majibu. Kompyuta imeshajua, lakini yanahakikiwa tena, na jibu rasmi linatoka bodi ya jimbo, ambayo inaweza kuchukua wiki. Kwa dola 7.95 unaweza kuona jibu lisilo rasmi baada ya siku mbili za kazi. Jumamosi na Jumapili si siku za kazi. Ukifanya Ijumaa, basi, mambo ni Jumanne. Marafiki wakaanza kuleta ule ujanja mnaoujua, wa kujiandikisha upya: ukikataliwa umepita, ukiletewa ukurasa wa kulipa umefeli. Wenye mtihani wenyewe wanasema usiutegemee, na tena kadi yako inaweza kukatwa dola 200 za watu. Mke wangu alikataa katakata. Mimi, nisidanganye, vidole viliniwasha.

Jumamosi ndipo balaa. Mama mkwe alimwambia dada yake "ameshamaliza." Dada yake akamwambia bintiye "ameshatoka." Ilipovuka bahari kufika Muscat kwa shemeji yetu ikawa "ameshapita," na shemeji ni mtu wa mikono mepesi. Tukaamka tunakuta kundi la ukoo limejaa maua, picha za kofia nyeupe ya nesi, sauti za vigelegele, na yeye shemeji ameandika "HONGERA DADA YETU RN", yaani muuguzi aliyesajiliwa, kwa herufi kubwa. Mjomba mmoja ambaye hatujazungumza naye tangu arusi alikuwa ameshauliza kuhusu mshahara.

Mwenzangu aliusoma ujumbe mmoja, wa pili, akaiweka simu kwenye droo ya vijiko, akaifunga. Akasema, "Mpigie wewe. Kuanzia leo ni mama yako."

Nilijipanga maneno. Nilitaka niwe mkali, kwa adabu lakini mkali. Nikamweleza kwamba hajapita, hajafeli, hakuna ajuaye, na maua yale yanamuua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tu, "Nimekuelewa mwanangu, niachie." Dakika chache baadaye kundi likafa kimya. Mpaka leo sijui aliwaambia nini, ila mjomba alijitoa.

Jumapili akapiga tena, akamtaka bintiye. Nikaweka sauti ya juu mezani, mwenzangu anachambua mchele, hataki kuja karibu. Niwaambie kwamba mama mkwe naye ni muuguzi mkunga, mstaafu, miaka mingi alikuwa hospitali ya Bombo, Tanga. Akasema, "Hebu nitajie swali moja tu lililokukera."

"Siwezi mama. Nimekubali masharti, maswali hayatoki nje. Wanaweza kunifutia majibu."

"Hata kwa mimi?"

"Hata kwa wewe."

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika. "Vizuri," akasema. "Basi usiniambie."

Ndipo akaanza habari zake. Wao walisubiri majibu wiki na wiki, hosteli moja, huku wakiendelea na zamu wodini, na majina yalipobandikwa mwenzao mmoja hakuwamo. Usiku huo huo alikuwa amepangwa wodi ya wazazi.

Mwenzangu akaacha mchele. "Akaenda?"

"Angekwenda wapi? Wajawazito walikuwa wanasubiri majibu yake?"

"Ikawaje?"

"Akazalisha. Mwaka uliofuata akarudia mtihani. Nilipostaafu yeye ndiye alikuwa bosi wangu, na mkorofi kweli kweli."

Mke wangu alicheka. Tangu Ijumaa sikuwa nimesikia sauti hiyo. Wakaendelea, wawili hao, kwa muda mrefu, juu ya vitu nisivyovielewa, kondo la nyuma na dawa za zamani na masista wakuu waliokuwa wakipitisha kidole juu ya fremu za vitanda kutafuta vumbi, na mimi nikamalizia kuchambua mchele.

Hapa nimesimama kidogo, maana nilipoanza kuandika nilikuwa na hakika kabisa ya "ficha," na sasa nikijisoma hapo juu naona ameokolewa na yule yule niliyetaka afichwe. Mimi nisingeweza kumchekesha. Nilishajaribu Jumamosi kwa habari za mpira.

Lakini nanyi msinibebe upesi. Jumanne asubuhi alitoka zamu, akalipa dola zake, akaona amepita, akaenda kulala. Je, ingekuwa vinginevyo? Wanaosomea hapa Marekani, karibu tisa katika kumi hupita mara ya kwanza. Wetu waliosomea nje, wanaopita mara ya kwanza ni wachache mno ukilinganisha, na si kwa sababu ya kutojua kazi. Ukifeli unasubiri siku 45 kabla ya kurudia, na siku hizo zote Muscat ipo, mjomba yupo, Barabara ya 12 ipo. Nimewaona watu hapa Houston waliobadilisha namba za simu. Kuna dada mmoja tunayesali naye ambaye aliacha kuja kwenye shughuli zetu, na hakuna aliyemsema vibaya, walimwuliza tu kwa upole, kila wiki, "vipi, umerudia?" Kwa hiyo mimi ambaye mambo yaliniendea vizuri sina haki ya kuwaambia watu watangaze.

Jibu langu basi, kama mnalazimisha: mwambie mmoja. Awe mtu anayejua kazi yenyewe, si anayejua mshahara wake. Mpe siku, usimpe saa. Usifanye Ijumaa. Na kabla ya yote teua nani atashika simu, mwulize kama anaweza, usimteue akiwa ameshalala. Lakini kama mama yako si kama mama mkwe wangu, futa yote niliyosema, ficha.

Nimemsomea mke wangu haya. Anasema yeye angerudia leo asingemwambia mtu yeyote, hata mimi. Angeniambia anakwenda Walmart.

Mdogo wake yuko Dodoma, anajiandaa na mtihani wa Baraza wa kule nyumbani, na anasema tarehe yake ni siri. Ninayo. Mama mkwe amenitumia jana, akaniomba nisimwambie shemeji wa Muscat.