Aanzie kwenye kuzaliwa

Swali la wiki hii lilikuwa hili: mtu asiyewahi kusoma falsafa, akitaka kujua wanafalsafa wa Ulaya bara wamesema nini kuhusu hali ya binadamu, aanzie wapi? Wengi humwelekeza kwa Martin Heidegger, ambaye katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1927 alifundisha kwamba mtu huyashika maisha yake mwenyewe pale anapokikabili kifo chake, kifo ambacho hakuna awezaye kumfia. Ni fundisho zito, nami silidharau. Hata hivyo, ningemwelekeza kwanza kwa Hannah Arendt, aliyekuwa mwanafunzi wa Heidegger huko Marburg.

Arendt, Myahudi wa Ujerumani, aliikimbia nchi yake mwaka 1933, mwaka ule ule ambao mwalimu wake alijiunga na chama cha Hitler. Mwaka 1940 alizuiliwa katika kambi ya Gurs, kusini mwa Ufaransa, na mwaka 1941 akafika New York akiwa mkimbizi asiye na uraia wa nchi yoyote. Aliyepitia hayo nani angemlaumu kwa kuandika juu ya kifo tu? Lakini katika kitabu alichokitoa mwaka 1958, The Human Condition (Hali ya Binadamu), alikazia kuzaliwa: kila mtoto ajapo duniani ni mwanzo mpya, na kwa hiyo binadamu anaweza kuanzisha jambo ambalo hakuna aliyelitazamia.

Humo anatenganisha mambo ambayo sisi huyaita yote kazi. Kupika na kufua hakuna mwisho, kwani leo umepika na kesho njaa imerudi. Seremala akitengeneza meza, meza hubaki. Lakini mtu anaposema na kutenda mbele ya wenzake, huanzisha jambo asiloweza kulirudisha wala kujua litaishia wapi. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga, na hilo ndilo lililomshughulisha Arendt, ila hakuishia kwenye majuto. Kwa yaliyotendeka, alisema, watu wana msamaha. Kwa yajayo wana ahadi. Na vyote viwili huhitaji mtu wa pili, kwa kuwa hakuna awezaye kujisamehe akiwa peke yake.

Kwa hiyo anayeanza asiogope ugumu wa kurasa za mwanzo. Aende moja kwa moja kwenye sura ya 5, inayohusu kutenda, ndipo arudi nyuma.