Lami ya uwanja wa ndege: maswali yenu manne

Kwa nini isitumike lami ileile ya barabarani? (Mwanafunzi wa ujenzi, Dodoma)

Kwa ndege ndogo mara nyingi inatosha. Kazi inaanza zinapokuja ndege kubwa. Boeing 777-300ER ikijaa hufikia tani 351, na tairi zake hujazwa upepo wa psi 200 na ushei. Gari lako dogo lina kama 32. Ikisimama kusubiri ruhusa ya kuruka, saa nane mchana, jua la Dar likiwaka, lami laini inabonyea polepole na kuacha mabonde. Ndiyo maana tunachanganya polima (kemikali za jamii ya plastiki na mpira), hasa ile iitwayo SBS, ili lami iwe na tabia ya mpira.

Huo mpira mnauonaje maabara?

Kwa macho kabisa. Tunamimina lami kwenye kalibu, tunaivuta ndani ya maji ya nyuzi joto 25 mpaka uzi ufike sentimita 20, kisha tunaukata katikati kwa mkasi na kusubiri nusu saa. Uzi wa lami ya kawaida hulala tu palepale. Wenye polima nzuri hurudi, kila kipande kikijikunja kuelekea kwake. Nimeutazama mara nyingi na bado napenda kuutazama.

Kipo pia kipimo cha pete na gololi: gololi ya chuma ya gramu 3.5 juu ya pete ya lami, maji yakipashwa nyuzi 5 kila dakika. Lami inapolegea na gololi ikashuka milimita 25, joto la wakati huo ndilo linaloandikwa.

Mkandarasi ana cheti cha kiwandani. Kupima tena si kupoteza fedha?

Hapana, na hapa naomba wasimamizi wanisikilize. Cheti kinaeleza lami ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Ikikaa tankini ikiwa ya moto, polima isiyopatana vizuri na lami hujitenga na kupanda juu. Basi tunajaza mrija, tunausimamisha wima tanurini kwa nyuzi 180 kwa siku 3, halafu tunapima kipande cha juu na cha chini kwa pete na gololi. Tofauti ikizidi nyuzi 5, lami hiyo haifai kuhifadhiwa bila kukorogwa. Chukueni sampuli kwenye tanki la mtambo wenyewe, kabla kokoto hazijamwagiwa lami, na mhandisi mshauri akiwa amesimama hapo.

Mafuta ya ndege yakimwagika?

Yanaiyeyusha lami, maana vyote vimetoka kwenye mafuta ghafi. Hatari kubwa iko kwenye maegesho, ndege zinapojazwa. Kipande cha lami na kokoto kinazamishwa kwenye mafuta hayo saa 24, kisha tunaangalia kimepoteza uzito kiasi gani. Si kila lami yenye polima inahimili, kwa hiyo zabuni iandike wazi kwamba inatakiwa ile iliyotengenezwa kustahimili mafuta. Kokoto moja iliyong'oka ikivutwa na injini inaweza kuharibu mapanga yake.