Makumbi, mugumo na mwani: majibu ya maswali yenu ya Machi

Tangu wiki ya Siku ya Wanawake barua zimemiminika, na nyingi zinazunguka jambo moja: miti, bahari na mashamba vinaingiaje kwenye historia ya wanawake? Nimechagua sita. Waliobaki mtaniwia radhi.

Shikamoo dada. Nafundisha historia sekondari, Kibaha. Wanafunzi wanamtaja Wangari Maathai, kwamba alipanda miti akapewa Nobel, basi wanaishia hapo. Niwaongezee nini?

Marahaba mwalimu. Waongezee malalamiko ya kuni, maana ndiko mambo yalikoanzia. Katikati ya miaka ya 1970 Wangari alikuwa kwenye Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, akawasikia wanawake wa vijijini wakisema kuni ziko mbali, vijito vinakauka, na watoto wanalishwa vyakula vyepesi vya dukani kwa sababu maharage yanamaliza kuni. Yeye alikuwa na shahada ya udaktari tangu 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati, lakini hotuba hakutoa. Alisema: basi tupande miti. Tarehe 5 Juni 1977 ilipandwa miche saba Kamukunji, Nairobi.

Sehemu ninayoipenda ni inayofuata. Mabwana miti walisema kitalu kinataka mtu mwenye diploma. Akina mama wakaona kupanda mbegu si kitu kigeni kwao: wakatumia makopo na vyungu vilivyovunjika, wakatazama mti gani unaangusha mbegu mwezi gani. Mama alilipwa senti chache kwa kila mche, na hapo ndipo penye akili: alilipwa kwa mche ulioshika, mche uliokufa haukuwa na malipo. Kufikia 2004, mwaka wa Nobel, miti ilikuwa imepita milioni 30.

Kisha wasimulie 1989, serikali ilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari aliandika barua kila mahali, bungeni wakamcheka, Rais Moi naye akamkumbusha kwamba mwanamke wa Kiafrika huwaheshimu wanaume. Jengo halikujengwa. Januari 1999 alipigwa kichwani kwenye msitu wa Karura akienda kupanda miche, akafika polisi na kutia sahihi maelezo yake kwa damu yake mwenyewe. Na alipofariki Septemba 2011 alikuwa ameshaacha wosia asizikwe kwenye jeneza la mbao. Lilitengenezwa la mianzi, mafunjo na magugu maji. Darasa lako halitasinzia.

Mnisamehe, hizi habari za "mwanamke ni mama wa dunia" zinanichosha. Mwanamke ana undugu gani na mti ambao mimi sina? – Fundi, Mbagala

Ndugu yangu fundi, hata mimi zinanichosha. Undugu hakuna. Kuna mgawanyo wa kazi, na anayetumwa maji kila siku ndiye anayejua kisima kinakauka wiki gani.

Nikupe mfano wa kwetu pwani. Bibi yangu alikuwa mtu wa makumbi. Ukishafua nazi, kumbi halitupwi. Linapelekwa ufukweni, linafukiwa kwenye shimo la tope pale maji yanapojaa na kupwa, linagandamizwa kwa mawe, linaachwa miezi mpaka lioze. Kila mwanamke alilijua shimo lake, ingawa kwa macho ya mgeni pale palikuwa tope tupu. Likifukuliwa ni jeusi, na harufu yake (sitaki kukuharibia chakula) haitoki kwa sabuni ya siku moja. Kisha linapigwa kwa mti juu ya jiwe, pa, pa, pa, mpaka nyama yote itoke zibaki nyuzi za usumba. Zinaanikwa, zinachambuliwa, zinasokotwa viganjani. Bibi alisokota huku akigombana na mtu, hata kutazama mikono hakutazama.

Kamba hiyo ndiyo iliyowamba vitanda na kufunga vyombo. Mitepe ya Lamu, vile vyombo vikubwa vya baharini vya zamani, haikuwa na msumari hata mmoja: mbao zilishonwa kwa kamba ya makumbi. Vitabu vinakupa majina ya manahodha. Waliopiga makumbi hawana ukurasa. Kujua maji, tope na muda wa kuoza ni elimu kama yako ya kupima mbao, tofauti ni kwamba hawakuitwa mafundi.

Asalaam aleikum. Ni kweli kilimo cha mwani kiliwatajirisha wanawake wa Unguja? – Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

Waaleikum salaam. Utajiri hapana. Uhuru kidogo, ndiyo. Kilimo cha biashara kilianza 1989 upande wa mashariki, Paje na Jambiani. Wanaume nao walijaribu, wakaona bei ndogo, wakarudi kwenye uvuvi. Wanawake wakabaki, na hadi leo ndio takriban wanane kati ya kila wakulima kumi.

Kazi yenyewe inafuata mwezi. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakishatoka, unawaona wakishuka na vigingi na kamba, wanainama ndani ya maji ya magoti na kufunga kila kipande cha mwani kwa uzi mdogo wanaouita taitai. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanaanika, wanauza kwa kilo, na mwani mkavu unasafirishwa nje kutolewa utomvu wa kugandisha dawa ya meno na aiskrimu. Mwanzoni wapo waume waliokataza wake zao kushuka. Zilipoanza kuonekana daftari za watoto na mabati, makelele yakapungua.

Kisha bahari ikapata joto. Aina ya kotoni, yenye bei nzuri, ikaanza kupauka na kukatika kwenye maji ya karibu. Aina nyingine, spinosamu, inavumilia, ila bei yake ni ya chini. Dakta Flower Msuya, mtafiti wa Zanzibar, amefanya kazi na wakulima hawa miaka mingi, na mojawapo ya mbinu zake ni neti za mirija za kulimia kwenye kina kirefu, kwenye maji ya baridi zaidi. Hapo likajitokeza jambo ambalo mtu wa ofisini asingelifikiria: kina kirefu kinataka boti na kuogelea, na wengi wa wanawake hawa wamezaliwa ufukweni bila kufundishwa kuogelea. Ukitafuta mada ya tasnifu, hiyo hapo.

Mimi ni Mgiriama wa Kilifi. Mekatilili alipigana na Mwingereza kuhusu kodi na vibarua. Kwa nini mnamtia kwenye mambo ya mazingira?

Kwa sababu ya mahali aliposimama. Kodi na vibarua ndiyo ilikuwa sababu, hilo hatubishani. Lakini mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alicheza ngoma ya kifudu kijiji hadi kijiji, akawakusanya watu, akawapeleka Kaya Fungo, na kaya ni msitu. Huko ndiko viapo vilikoliwa, kiapo cha mukushekushe kwa wanawake na kiapo kiitwacho fisi kwa wanaume, kwamba hakuna atakayemtumikia Mzungu. Waingereza walimpeleka uhamishoni Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Mwanzoni mwa 1914 wakatoroka, wakarudi pwani kwa miguu.

Serikali ilielewa vizuri kuliko wengi wetu. Agosti 1914 iliilipua kaya kwa baruti. Hakuna anayepoteza baruti kwa miti isiyo na maana. Misitu ya kaya za Mijikenda iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008, na imebakia kwa sababu kukata mti humo kulikuwa mwiko. Mamake Wangari naye alimkataza mwanawe kuokota kuni za mugumo: ule ni mti wa Mungu.

Wale wanawake wa India waliokumbatia miti, ni hadithi au kweli?

Kweli. Kijiji cha Reni, Himalaya, 26 Machi 1974. Wanaume walikuwa wameitwa mjini kwa habari ya fidia, wakata miti wakaingia nyuma yao. Gaura Devi, kiongozi wa kikundi cha akina mama, akaenda na wenzake zaidi ya ishirini, wakajiweka kati ya shoka na miti usiku kucha. Wakataji wakaondoka.

Niko Kigoma. Mbona hamjamtaja Jane Goodall?

Namtaja huyo mtafiti wa sokwe, ila nitamtaja na mama yake. Julai 1960 wakoloni hawakukubali msichana akae Gombe peke yake, kwa hiyo Vanne, mamake, akaja naye, akaishi kwenye hema miezi kadhaa akiwagawia wavuvi dawa ndogo ndogo. Mtoto alipanda milimani kutazama sokwe, mama alijenga ujirani chini.

Mmoja wenu ameuliza pia aanzie wapi kuandika historia ya bibi yake, aliyekuwa akitunza mbegu juu ya moshi wa jiko. Mwanangu, anza na hizo mbegu. Nenda anapochambua kunde, simu iache mfukoni kwanza, chambua naye. Muulize mbegu aliipata kwa nani, na huyo aliipata kwa nani. Majina ya mbegu yaandike kwa kilugha chake kama anavyoyatamka. Na sukari usisahau, kilo mbili.