Mzimu Asijue Kuwa Anachekesha

Maswali ya wasomaji kuhusu filamu

SWALI: Niliwaonyesha wadogo zangu Mr. Vampire, filamu ya Hong Kong ya 1985. Walicheka mpaka machozi, kisha usiku hakuna aliyekubali kwenda chooni peke yake. Je, hiyo ni filamu ya kutisha au ya vichekesho? Na mbona wachache sana wanaijua?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Ni zote mbili, na kung-fu juu yake. Maiti wanaofufuka humo, jiangshi kwa Kichina, wamekakamaa viungo, ndiyo maana huruka miguu miwili kwa pamoja, mikono imenyooshwa mbele. Humtambua mtu kwa pumzi yake. Ukibana pumzi, maiti anakupita. Sharti hilo moja ndilo linalozaa hofu na kicheko: mtu kabana pua, mashavu yamevimba, na wewe uliyeketi kwenye kochi unajikuta umebana pumzi pia. Kicheko chako ni ile pumzi ikitoka.

Kuna pia mchele wa kunata, dawa ya sumu ya maiti. Muuzaji anauchanganya na mchele wa kawaida, na dawa inapungua nguvu. Aliyewahi kununua pishori ya Mwea, akapika, akagundua imechanganywa, hahitaji kufafanuliwa uchungu wa tukio hilo. Na mtazame Lam Ching-ying, anayeigiza kuhani wa Kitao, dini ya jadi ya Wachina: mbele ya maiti hana mzaha kabisa. Filamu za aina hii huharibika pale mzimu mwenyewe anapoanza kutafuta kicheko. Wachekeshe walio hai. Mzimu ashike kazi yake. Kwetu jambo hili si geni: jajuok, yaani mkimbiaji wa usiku kwa Kijaluo, anayerusha mchanga juu ya mabati, huogopwa usiku, na asubuhi visa vyake huchekesha boma zima.

Hazijulikani sana kwa sababu hazina rafu yao. Anayetaka kuogopa huziona mzaha, anayetaka kucheka huona maiti kwenye jalada, akaziacha. Baada ya hiyo tazama Pee Mak (Thailandi, 2013): askari anarudi kwa mkewe, marafiki zake wanne wanagundua kuwa mke ni mfu, na hakuna anayethubutu kumwambia. House ya Nobuhiko Obayashi (Japani, 1977) iwe ya mwisho. Humo piano inamla msichana, na baadhi ya mawazo yalitoka kwa binti mdogo wa mwongozaji. Ukianza na hiyo utachoka mapema.

SWALI: Maandishi ya tafsiri huanza sawa, lakini kufikia nusu saa yametangulia mbali. Nifanyeje?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Faili yako ilitengenezewa nakala ya picha 25 kwa sekunde, nawe una ya 23.976. Maandishi hutangulia kwa takriban sekunde 2.5 kila dakika, hivyo kwenye nusu saa ni zaidi ya dakika nzima. Vitufe vya G na H katika VLC havitakuokoa, kwani husogeza maandishi yote kwa kiasi kilekile. Fungua faili kwa programu ya Subtitle Edit, badilisha kasi kutoka 25 hadi 23.976, hifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, kisha ipe jina lilelile la filamu. Usivumilie hata sekunde moja: mzaha ukisomwa kabla ya kutamkwa umekufa, na hofu vivyo hivyo.

SWALI: Klabu yetu ya maigizo inarekodi kwa simu filamu ya dakika 8 kuhusu mkimbiaji wa usiku. Damu yetu inaonekana kama soda, na watu hawaogopi wala hawacheki.
Wasomaji, Kakamega

JIBU: Chemsha vikombe 2 vya sukari kwa kikombe 1 cha maji na matone machache ya ndimu, ili isigande chembechembe ikipoa. Ikipoa, tia kijiko 1 kikubwa cha rangi nyekundu ya chakula na nusu kijiko cha chai cha kakao iliyokorogwa kwanza kwa maji ya vuguvugu. Kakao ndiyo inayozuia mwanga kupenya. Mlipoikosa, mkapata soda. Rangi hushika nguo, na sukari huita sisimizi, kwa hiyo osheni papo hapo.

Usiku wa kweli hujaza picha ya simu chengachenga. Rekodini jioni mara tu jua linapotua, mkipunguza mwanga kwenye kamera na kuufunga hapo. Mna kama dakika 15 tu. Sauti ya mchanga kwenye mabati irekodiwe peke yake, simu ikiwa mita moja.

Sasa hadithi. Mpeni jajuok sharti moja, lionekane katika dakika ya kwanza bila mzaha: akiitwa kwa jina lake, hukimbia. Mara ya kwanza lifaulu. Mara ya pili likaribie kushindwa. Mara ya tatu mke wa boma achungulie dirishani, akute ni baba mkwe wake, ambaye heshima haimruhusu kumtaja jina. Hapo msikate picha. Mwacheni sekunde 5 nzima, mdomo wazi, mchanga ukiendelea kugonga mabati.