Lugha ipi ya kuhesabia maji?

*Shikamoo mwalimu. Nina vipimo vya maji kupwa na kujaa vya mwaka mzima, kimoja kila dakika 10. Chuoni tunafundishwa lugha ya kompyuta ya MATLAB, wenzangu wanasema Python. Nishike ipi? (Mwanafunzi, Tudor)*

Marahaba. Shika Python. MATLAB haina ubaya, na Cleve Moler aliianza ili wanafunzi wake wasihangaike na Fortran, lugha kongwe ya hesabu. Ila leseni yake inalipiwa, na ya chuo ikiisha utabaki na mafaili usiyoweza kuyaendesha. Kama umeshaandika mengi, Octave, programu inayofanana nayo, ni ya bure na itayasoma kwa sehemu kubwa.

Vipimo vyako ni 52,560 hivi, kazi ya muda mfupi tu kwa NumPy na SciPy, maktaba za hesabu za Python. Unatafuta wimbi la mwezi, linalojirudia kila baada ya saa 12 na dakika 25, na la jua, saa 12 kamili. Yakienda pamoja ni bamvua. Yakipingana, maji mafu.

Lakini kabla ya lugha, angalia safu ya saa. Hapa kwetu anayeandika daftarini "saa 4" huenda ana maana ya 10:00. Niliwahi kuletewa mchoro mzuri ajabu, ila ulionyesha maji yamejaa saa ambayo ngalawa zilikuwa zimekaa mchangani. Ukikosea saa 6, kujaa kunageuka kupwa, na hakuna lugha itakayokupigia kelele.

*Mwalimu mwenzangu, vijana wanasema lugha ya R imepitwa na wakati. Kweli? (Kisauni)*

Waache waseme. R ilitungwa Auckland na Ross Ihaka na Robert Gentleman, watu wa takwimu, na mpaka leo ukitaka kulinganisha miche ya mikoko ya vitalu viwili, ni vigumu kupata njia fupi zaidi.

*Python yangu inatambaa kama kobe. Nihamie C++ au Julia? (Likoni)*

Pima kwanza ujue inakwama wapi. Mara nyingi ni kitanzi kimoja, yaani amri zinazorudiwa tena na tena: kila mzunguko Python inauliza upya kitu hiki ni cha aina gani. Mpe NumPy safu nzima kwa pamoja, naye atashusha kazi kwenye lugha ya C, na hesabu za matriki kwenye maktaba ya LAPACK, iliyoandikwa kwa Fortran. Naam, Fortran ile ile ya 1957 mnayoicheka. Ukiwa unaiga mkondo wa maji wa hori zima, hatua kwa hatua, hapo Julia inafaa, ukivumilia kusubiri kidogo kila unapoiwasha. C++ ningekuachia mpaka uwe na mtu wa kukushika mkono.

*Kwa nini 0.1 + 0.2 inanipa 0.30000000000000004? (Mvita)*

Kompyuta inahesabu kwa mbili mbili, na 0.1 haiandikiki hivyo bila kubaki kichele. R inayo pia, inakuficha tu kwa kuchapa tarakimu 7. Usiulize kama namba mbili ni sawasawa. Uliza kama tofauti yake ni ndogo ya kutosha.