Sahihi Mbili, Mkono Mmoja

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Je, mwanafunzi wa chuo adai haki zake kabla ya kutimiza wajibu wake?" Nililisoma swali hilo ndani ya matatu kutoka Umoja, na tulipofika Muthurwa nilikuwa bado nimekasirika. Mbona hakuna anayekiuliza chuo kimetimiza wajibu gani kabla ya kupokea karo?

Mimi nitajibu swali lililonikaa moyoni miaka yote hii: maksi za mwanafunzi zikipotea, ni nani wa kuzitafuta?

Aliyesoma chuo cha umma hapa Nairobi hahitaji kuelezwa. Unafanya mtihani, unasaini orodha, unarudisha kijitabu. Matokeo yanapobandikwa, mbele ya yuniti moja unakuta kistari badala ya maksi. Changu kilitokea 2015, muhula wa mwisho wa mwaka wa nne, yuniti ya takwimu. Sekretari wa idara alinituma kwa mhadhiri. Mhadhiri alikuwa wa muda na mkataba wake ulikuwa umekwisha. Ofisi ya mitihani ilitaka barua ya idara, idara nayo ikasema barua kama hiyo hutoka ofisi ya mitihani. Nilizunguka hivyo miezi saba, nauli nikiomba kwa dada yangu. Wenzangu walivaa majoho na kupiga picha na wazazi wao, nami siku hiyo nilishinda Kayole nikifua mapazia ya mama ambayo hayakuwa machafu.

Hatimaye mwenyekiti wa idara alikubali kuniona. Orodha ya waliofanya mtihani haikupatikana, kwa hiyo sekretari, ambaye alinihurumia, alileta rejista ya mahudhurio ya darasa ili angalau ionekane nilisoma yuniti ile. Nilifurahi sana. Sheria ya chuo ilitaka uhudhurie theluthi mbili za mihadhara, na mimi sikukosa hata mmoja.

Mwenyekiti alifungua rejista, akapitisha kidole taratibu kwenye jina langu, kisha kikashuka mistari miwili na kusimama. Akaigeuza ile karatasi nami nione. Jina langu na la rafiki yangu, wiki baada ya wiki, wino uleule wa bluu, na ule mkia ninaouvuta chini ya herufi ya mwisho upo kwenye sahihi zote mbili. "Hawa ni watu wawili?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. "Mkono je?"

Sikuwa na jibu. Asubuhi rafiki yangu alikuwa soko la Gikomba, akifungua mabeli ya mitumba na shangazi yake ili apate karo. Asiposaini angezuiwa mtihani, asipouza angekosa kadi ya mtihani kwa sababu ya karo. Nilimsainia muhula mzima na sikuona ubaya, kwani nani hakufanya hivyo? Lakini siku ile niliyohitaji karatasi iseme kweli juu yangu, ilikuwa imeshaponzwa na mkono wangu mwenyewe. Mwenyekiti aliifunga. Hakunifokea, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

Vijitabu vyetu vilipatikana baadaye. Sisi tuliokuwa na vistari tulichangishana, tukampata yule mhadhiri kwa simu, tukamfuata hadi Rongai. Alivitoa kwenye buti la gari, ndani ya gunia la sukari, vyote vimesahihishwa kwa wino mwekundu hadi jumla. Hakuwa amelipwa mihula miwili, na akasema waziwazi kwamba hizo maksi ndizo silaha pekee aliyokuwa nayo. Changu kilikuwa na doa la chai pembeni. Nilipata 49 kati ya 70. Nilihitimu mwaka mmoja baada ya wenzangu, na nafasi ya kazi niliyoahidiwa ilikuwa imechukuliwa na mwingine.

Nilipokaa kuandika barua hii nilitaka kusema haki kwanza, basi. Na sheria iko upande wangu. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo za haraka na za haki, na ukidhuriwa na uamuzi upewe sababu kwa maandishi. Mimi katika miezi ile saba sikupewa hata karatasi ya ukubwa wa risiti. Kifungu cha 37 kinaruhusu maandamano ya amani, lakini komredi, yaani mwanafunzi, akienda barabarani chuo hufungwa, na mara nyingi aliyerusha jiwe na aliyekuwa maktaba hutozwa faini ileile. Hata kura: marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Vyuo Vikuu yalileta mfumo ambapo mwanafunzi humchagua mjumbe, na wajumbe ndio huwachagua viongozi. Kamukunji, mkutano wetu wa wanafunzi, yapiga kelele, uamuzi uko kwingine.

Hayo yote nayasimamia. Lakini nikikumbuka kile kidole kwenye rejista, siwezi kuwaambia vijana kwamba wajibu ni maneno ya wakubwa tu. Ningekuwa mhadhiri leo, ningezifuta sahihi zote mbili, ya aliyekosa na ya aliyemsainia. Ningewaandikia sababu na kuwapa nafasi ya kujieleza, tena anayehangaikia karo ningemtafutia darasa la jioni kabla ya kumwadhibu. Najua vyuo vingi havina hilo darasa la jioni. Na maksi za mtihani uliofanywa zisizuiliwe kwa lolote, hata kama rejista ni chafu, hata kama mhadhiri anadai. Deni la chuo kwa mhadhiri lisilipwe na mwanafunzi.

Jana nilimsomea rafiki yangu barua hii kwa simu. Siku hizi ana kibanda chake mwenyewe palepale Gikomba. Alisikiliza hadi mwisho, akasema hata leo angeniomba nimsainie. Nikamwambia ningekataa, halafu jioni ningemletea noti zangu sokoni. Akauliza, "Na mtihani ningeingiaje?"

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi